Tetemeko Lenye Staha

Nchi yetu sitaitaja jina. Anayeishi humo analijua, na asiyeishi humo atadhani nasema ya kwake. Inatosha kujua kwamba tuna ziwa, tuna mlima, tuna serikali, na chini ya vyote hivyo tuna ufa.

Ufa huo uko ndani kabisa ya ardhi. Unapita chini ya ziwa na kukaribia soko la samaki. Wataalamu wanasema pande zake mbili zinasukumana, na siku moja zikichoka kusukumana, upande mmoja utateleza na sisi wa juu tutatikisika. Serikali ililichukulia jambo hili kwa uzito wake. Ilitoa tamko la kuwataka wananchi wasiwe na hofu, kisha ikanunua mashine ya kupimia matetemeko kutoka ng'ambo. Mashine ilizinduliwa kwa ngoma za wilaya zote. Siku hiyohiyo ilirekodi mtikisiko mkubwa, ambao baadaye ulibainika kuwa ni zile ngoma. Ikavishwa nailoni isiingie vumbi, ikafungiwa stoo, na ufunguo akapewa mtu ambaye siku hizi amestaafu na anafuga nyuki.

Kwa hiyo nchi nzima haina kumbukumbu hata moja ya tetemeko lake yenyewe. Jirani zetu walipotikiswa na shule zao zikaanguka, wafadhili walianza kutuuliza sisi majengo yetu tunayapimaje. Ni swali la aibu kuulizwa mbele ya watu. Tukaunda Kitengo cha Taifa cha Matetemeko ya Kuigiza.

Kazi yenyewe, kwa jinsi nilivyoielewa, haina uchawi. Huna tetemeko, unalitengeneza. Mhandisi anaiambia kompyuta ufa uko wapi, una urefu gani, na udongo wa juu ni mwamba au ni tope. Kompyuta inakokotoa ardhi ingekwenda vipi kama ufa ungeteleza leo. Kisha mhandisi analichora jengo ndani ya kompyuta ileile, nguzo kwa nguzo, analitikisa kwa mwendo ule, na kutazama. Likisimama, vizuri. Likianguka, limeanguka kwenye kioo, hajafa mtu, karekebishe nguzo. Aliyebuni kazi hii alikuwa mtu mwenye akili. Hakuwa wa kwetu.

Mimi si mhandisi. Nina stashahada ya upishi na huduma za hoteli, na nilikuwa na zabuni ya chai katika jengo la Wizara, ambako Kitengo kilipewa vyumba. Chai yangu ilianzia jikoni, ghorofa ya chini, ikapanda mpaka kwa Waziri. Mwenye faili hupita mlango mmoja. Mwenye chai hupita yote.

*

Kitengo kilikuwa na mkurugenzi, naibu wake, ofisa itifaki, ofisa uhusiano, dereva, dereva wa akiba, na mhandisi mmoja. Mhandisi alikuwa msichana mwembamba anayeitwa Yusta Kamazima, ambaye alikuwa na tabia ya kula andazi huku anatembea na kujibu swali kabla hujalimaliza. Nilimpenda. Wenzake walisema bado hajazoea.

Jengo la kwanza kupimwa lilikuwa bweni jipya la Shule ya Wasichana ya Ukingoni. Lilikuwa limeshajengwa na kupakwa rangi, na tarehe ya Waziri kulifungua imeshapangwa. Kupimwa kwake kulikuwa kama kumvalisha bibi harusi maua. Lilikuwa bweni zuri kwelikweli. Chini hakukuwa na kuta, nguzo tupu, ukumbi wa kulia chakula wenye upepo wa ziwa. Juu vilipangana vyumba vya kulala, vyenye kuta nene za matofali. Na chini ya hayo yote kulikuwa na kinamasi kilichofukiwa kwa kifusi.

Asubuhi moja Yusta aliingia jikoni kwangu bila andazi.

"Mama Leokadia, chai imebaki?"

"Ipo. Nani kakufanya uso hivyo?"

"Bweni limekaa chini."

"Limekaa vipi?"

Alivichukua vikombe vya plastiki, akavipanga mezani kwa kuvifudikiza, akatua juu yake sinia zima la maandazi. Halafu akaigonga meza kwa goti. Vikombe vikalala upande mmoja, vyote kwa pamoja. Sinia likashuka mpaka mezani likiwa limenyooka vilevile, na hakuna andazi lililomwagika.

"Umeona?" akasema. "Vyumba havivunjiki. Vinashuka tu, kama mtu aliyevutiwa kiti."

"Na waliokuwa wanakula chini?"

Alianza kuviokota vikombe vyangu, akivifuta kimoja kimoja kwa kanga iliyokuwa mlangoni, ingawa havikuwa vichafu.

"Binti yako si anasoma kule?"

"Yuko kidato cha pili. Ndio watakaoingia humo bweni likifunguliwa."

"Basi umesikia," akasema, akatoka kwenda kumwambia mkurugenzi.

*

Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana msomaji wa nje anaweza kudhani watu wa Wizara walikuwa waongo. Hawakuwa waongo. Walikuwa na adabu.

Kwetu habari mbaya haimwagiwi mtu yote mara moja. Kijana akiwa mbali na baba yake akafariki, hapigiwi simu akaambiwa baba amekufa. Anaambiwa, "Njoo nyumbani, mzee hajisikii vizuri." Akifika stendi anaambiwa hali imebadilika kidogo. Akikaribia nyumbani anaona maturubai na viti, na hakuna anayemwambia kitu. Akishafika, ameshikwa mikono, amekalishwa, amepewa maji, ndipo mjomba mmoja anasema. Ni desturi njema. Imeokoa mioyo mingi, na hakuna anayetaka kuiacha.

Yusta alipoweka tetemeko lake mbele ya mkurugenzi, Bwana Kipilimba, nilikuwa nammiminia chai.

"Mhandisi, hili lako lina nguvu sana," alisema Bwana Kipilimba.

"Ndivyo ufa ulivyo, mkurugenzi."

"Sikatai. Lakini huyo wa juu yangu ana presha. Nimpandishie kitu kama hiki asubuhi asubuhi?"

Akalipunguza nguvu, si sana, ili mkubwa wake alipokee vizuri, kwa nia ya kumwongezea baadaye. Naye mkubwa wake, Bibi Aurelia, mama mwenye huruma ambaye huwapelekea walinzi uji, alilitazama akasikitika. Aliona ni refu mno. Alisema Mheshimiwa hana nafasi ya kutikisika muda wote huo, akalifupisha likawa sawa na shukrani za mgeni mwalikwa. Ofisa itifaki aliuliza kwa nini linaanza ghafla bila utangulizi. Likawekewa utangulizi. Katibu Mkuu alichukua ramani, akapima kwa rula, akagundua kwamba mawimbi yanaelekea Ikulu, na akauliza ni nani ameyaruhusu. Yakageuzwa yaelekee ziwani. Palipoandikwa kwamba bweni limesimama juu ya tope, mmoja alisema neno tope haliwezi kuwekwa mezani kwa Waziri, akaandika ardhi. Aliyefuata akaona ardhi peke yake ni neno lenye upweke. Akaandika ardhi imara.

Hakuna aliyefanya kubwa. Kila mmoja alipunguza kiasi cha adabu yake.

Tetemeko lilipofika kwa Waziri, Mheshimiwa Sospeter Bihondo, lilikuwa limebaki kama mama anapomweka sawa mtoto mgongoni. Mheshimiwa alilitazama kwenye kioo, mstari wake umelala, akafurahi.

"Hili ndilo tetemeko letu," alisema. "Lina staha. Yale ya jirani hayana malezi."

Wote wakacheka kwa kiasi kinachostahili. Yusta, ambaye alikuwa amepanda nyuma yao ghorofa kwa ghorofa, hakucheka.

"Mheshimiwa, hili silo nililotengeneza."

Nilisimamisha birika hewani.

"Mhandisi," Waziri akasema kwa upole, "kwenu mtu akifiwa huambiwaje?"

"Huambiwa kidogo kidogo, Mheshimiwa. Lakini mwishoni huambiwa."

"Mwishoni lini?"

"Akishafika nyumbani."

"Basi mimi bado niko safarini," alisema Waziri, na hapo hata dereva wa akiba, aliyekuwa mlangoni, alicheka.

Bweni likapimwa kwa tetemeko lile na likasimama. Halikusogea hata chokaa. Yusta akateuliwa kuhudhuria mafunzo ya Mawasiliano ya Staha Kazini, kwenye hoteli moja nzuri ya mkoani, mpaka hapo atakapoelewa. Alipita jikoni kuniaga, begi begani.

"Waambie wazazi wenzako," alinong'ona.

"Mimi? Mimi ni wa chai."

"Wewe una mdomo, mama. Mimi wamenipeleka semina."

*

Sasa likatokea jambo ambalo sayansi haijalieleza. Kadiri tetemeko lilivyopungua pale Wizarani, ndivyo lilivyokua majumbani.

Binti ya Bwana Kipilimba alipatwa na pumu, na daktari akashauri hewa ya nyumbani. Mapacha wa naibu wake walishikwa na kizunguzungu cha ngazi. Mjukuu wa Bibi Aurelia alihitajika kumwuguza bibi wa upande mwingine. Binti ya Katibu Mkuu alipelekwa nchi jirani kujifunza lugha, ingawa lugha ya huko ndiyo hiihii tunayosema sisi. Wote hao walikuwa wapangiwe vyumba vya bweni jipya. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Walikutana tu pale shuleni kwenye kochi la kusubiria nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, wakaulizana hali za watoto, wakapeana pole.

Mimi nilichelewa. Nilipofika, pumu ilikuwa imeshachukuliwa, ngazi zimeshachukuliwa, na bibi wagonjwa walikuwa wamejaa. Mwalimu mkuu, Bi Edeltruda, alinitazama juu ya miwani.

"Na wewe, Mama Leokadia, unataka binti awe wa kutwa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Anaumwa nini?"

Nilikuwa sijajiandaa. Nikasema kilichokuja. "Anakojoa kitandani."

"Kidato cha pili?"

"Tangu zamani, mwalimu."

"Mbona bweni la zamani amelala mwaka mzima, matroni hajaona kitu?"

"Alikuwa anajikaza."

Bi Edeltruda aliandika. "Wizara yenu ina maradhi mengi msimu huu," alisema, na hakuniuliza tena.

Leokadia alirudi nyumbani na godoro lake. Hakujua nimesema nini. Nilimwambia kuna utaratibu mpya. Kwa mtoto aliyezaliwa nchi hii, hayo ni maelezo kamili.

Jirani yangu wa mbele ni Mama Mwanne, fundi cherehani. Binti yake Mwanne na wangu wamekua pamoja, wamekula sahani moja. Shule ilikuwa imempa Mama Mwanne kazi ya kushona mapazia ya bweni, kitambaa cha njano chenye maua ya buluu, na kibaraza chake chote kilikuwa kimejaa njano. Aliniona ninashusha godoro kichwani mwa Leokadia.

"Jirani, mtoto karudi na godoro?"

"Eh. Tumbo."

"Tumbo gani hilo linalotaka na godoro?"

"Watoto wa siku hizi, mwenzangu."

Alicheka na kukata uzi kwa meno. "Akipona arudi haraka, asije akapewa kitanda cha mlangoni. Nitamwambia Mwanne amshikie cha dirishani, wakae jirani. Pazia la pale nimelikata refu, halipitishi mbu."

Nikasema, "Asante."

Ndilo neno nililosema. Nilikuwa na sababu. Zabuni ya chai ilikaribia kutangazwa upya. Halafu jambo lilikuwa na wenyewe, waliosoma, na si mahali pa mtu wa maandazi kulisema. Halafu bweni lilikuwa limepimwa na kupita. Ninazo sababu nyingine, zote nzuri, na nilizitumia zote wiki hiyo nikimsikiliza ng'ambo ya barabara anavyokanyaga cherehani.

*

Siku ya ufunguzi yalifungwa maturubai, wazazi wakakaa upande mmoja na wakubwa upande wa pili kwenye viti vyenye vitambaa. Wasichana wa bweni walikuwa wameshahamia. Magodoro yalikuwa vitandani, na mapazia ya njano yanapepea kila dirisha. Mimi nilikuwa nyuma na machupa ya chai.

Katikati ya uwanja palikuwa na jukwaa la bati lenye injini chini yake. Ofisa uhusiano alieleza kwamba jukwaa hilo litatikisika kwa mwendo uleule uliotumika kulipima bweni, na kwamba juu yake kimewekwa kitanda cha bweni, ili wananchi washuhudie kwa macho. Mheshimiwa Waziri alikuwa ameamua kulala kitandani hapo yeye mwenyewe.

Kwanza alihutubia.

"Ndugu wazazi, wako watu wanaosema ardhi yetu itatikisika. Nawauliza, itatikisika kwa kibali cha nani? Nchi nyingine zinaazima matetemeko ya watu. Sisi tumetengeneza la kwetu, kwa wataalamu wetu, na tumelikuta ni tulivu kama sisi wenyewe. Adui wa maendeleo si tetemeko. Ni yule anayelikuza."

Tulipiga makofi. Mimi pia, kwa mkono mmoja na paja, maana mkono wa pili ulikuwa na chupa.

Mheshimiwa akapanda kitandani na viatu vyake. Injini ikanguruma. Kitanda kikaanza kwenda huku na huku, taratibu, na utangulizi wake. Bilauri ya maji iliyowekwa pembeni haikufanya hata wimbi. Baada ya kitambo tulisikia sauti nyingine juu ya ile ya injini, tukatambua kwamba Mheshimiwa anakoroma. Tetemeko lilikuwa limefika mwisho wake, lakini itifaki hairuhusu kumwamsha Waziri, kwa hiyo likaongezwa muda. Likaongezwa tena. Bendi ya shule ilipiga wimbo mzima na kuurudia. Wazazi walicheka kwa furaha, na Mama Mwanne, aliyekaa mbele amevaa gauni la kitambaa kilichobaki cha mapazia, alinipungia mkono ili na mimi nione raha.

Mheshimiwa alipoamka alisema, "Mmeona wenyewe."

Ndipo Bi Edeltruda akashika kipaza sauti. Sijui hadi leo kama alikusudia. Ni mwanamke asiyebadilika uso.

"Mheshimiwa," alisema, "shada la maua utaletewa na mabinti wa wataalamu haohao waliolipima bweni hili. Tumeona hakuna shahidi mkubwa kuliko mtoto. Naomba aje binti ya mkurugenzi wa Kitengo, Bwana Kipilimba."

Matroni alisogea karibu na kipaza sauti. "Hayupo bwenini, mwalimu. Ana pumu."

Wazazi wakasema pole.

"Mapacha wa naibu mkurugenzi."

"Hawapo, mwalimu. Kizunguzungu."

Wakasema pole tena, lakini si wote.

"Mjukuu wa Bibi Aurelia." Hayupo, anauguza. "Binti ya Katibu Mkuu." Hayupo, yuko nchi jirani. Kila jina lilipoitwa, turubai la wazazi lilizidi kuwa kimya. Upande wa wakubwa watu walianza kutengeneza mikunjo ya suruali. Bwana Kipilimba aliinama kufunga kamba za kiatu, na viatu vyake havikuwa na kamba.

"Basi," Bi Edeltruda akasema, "hata binti ya mama anayewapikia chai. Leokadia."

"Leokadia yupo," alijibu matroni, "lakini ni wa kutwa. Ana tatizo la kitandani."

Alisema kwenye kipaza sauti. Wasichana walicheka, shule nzima. Nilimwona mwanangu katika mstari wa wanafunzi wa kutwa. Kwanza aligeuka nyuma kutazama ni nani anayesemwa. Kisha akaelewa. Alisimama mahali pake, mikono imenyooka.

"Mimi sina tatizo la kitandani, matroni," alisema. Hakupaza sauti. "Mama yangu yule pale. Mwulizeni anajua nini."

Vichwa vyote vikanigeukia. Mama Mwanne akainuka kwenye kiti.

"Mama Leokadia," alisema, "bweni lina nini?"

Nilikuwa nayo yote mdomoni. Nguzo, tope, kuta nzito za juu, sinia lililoshuka na maandazi yake. Nilikuwa na sauti ya kutosha, hata kipaza sauti sikukihitaji. Waziri alikuwa ananitazama. Katibu Mkuu alikuwa ananitazama. Na nilichokisema, mbele ya akina mama wote wale, ni hiki:

"Bweni halijisikii vizuri."

Hakuna mtu mzima katika nchi yetu ambaye hajawahi kuambiwa maneno hayo kuhusu mtu wake. Hakuna asiyejua yanamaanisha nini.

Hapakuwa na kelele. Wanawake waliinuka wote, viti vikaanguka nyuma yao, wakaliendea bweni. "Akina mama, ketini, ratiba bado," alisema ofisa itifaki, nao wakampita pande zote mbili kama maji yanavyopita gogo. Walipanda ngazi, wakashuka na watoto, wakapanda tena kufuata magodoro. Waziri alisema jengo limepimwa. Alilisema mara nyingi, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, mpaka bendi, kwa kutojua la kufanya, ikampigia wimbo.

Mama Mwanne alishuka mwisho. Godoro la Mwanne lilikuwa kichwani, na mapazia yote aliyoweza kuyang'oa yalikuwa begani, pete za kutundikia zinalia. Niliweka chupa chini, nikanyoosha mkono kushika upande wa godoro.

"Acha."

"Nakusaidia tu, jirani."

Alisimama. "Nilikwambia namshikia mwanao kitanda cha dirishani," alisema. "Ukaniambia asante."

Akaenda zake.

*

Serikali haikukaa kimya. Ilitoa tamko kwamba wazazi wa Ukingoni wameonyesha mapenzi makubwa kwa watoto wao, na kwamba bweni ni imara kama lilivyopimwa. Kuthibitisha, iliamua kuhamishia humo Kitengo chenyewe, mkurugenzi, naibu, itifaki na uhusiano, kuanzia Jumatatu. Jumatatu hiyo pumu ilienea Wizarani kwa kasi iliyowashangaza madaktari. Hata dereva wa akiba alileta cheti. Bweni liko palepale, tupu, madirisha wazi, na mlinzi wake analala ng'ambo ya barabara chini ya kibanda cha makuti.

Yusta alirudi kutoka semina. Aliingia jikoni, akachukua andazi na kikombe cha chai.

"Nasikia ulisema."

"Nilisema."

"Ulisemaje?"

Nikamwambia nilivyosema. Alicheka mpaka akatua kikombe mezani. Halafu kicheko kikamkatika.

"Na binti yako asingesimama," aliniuliza, "wangelala humo mpaka lini?"

Kulikuwa na vyombo vya kuosha. Nikaenda kuviosha.

Zabuni ya chai nimepewa tena. Wakubwa waliona mbele ya hadhara nilijieleza kwa staha, na mtu wa namna hiyo hapatikani kirahisi. Nikaikubali, kwa kuwa ada ya shule haingoji.

Leokadia hajaniuliza kitu. Shuleni wanamwita jina ambalo sitaliandika. Kila asubuhi kabla ya kuondoka analitoa shuka lake kitandani, kavu, halina hata doa, anakwenda kulianika kwenye waya wa mbele, upande wa barabara, mkabala na cherehani ya Mama Mwanne. Analivuta pembe zote linyooke, anayepita alione. Jioni analianua na kulitandika tena. Ninapotoka na masinia yangu kwenda Wizarani, lazima niiname kulipita.